Jirani Aliyeandikwa na Daktari, na Mimi Nisiyeandikwa

Shikamooni wazee. Na ninyi wadogo, marahaba, hata ambao bado hamjanisalimu. Nimeambiwa niseme nilivyougua akili nikapona, nisitaje jina la mtu. Sawa. Ila jirani nitakayemsema mwenyewe amekaa pale mbele, ameshaanza kucheka.

Ndugu zangu, kuugua niliugua. Tulipohamia kijiji cha ujamaa hapa Gendabi, nilikuwa nauamuru mlima Hanang usogee, unanizibia jua. Nilipiga kelele mpaka fisi wa kule Hirbadaw wakahama. Akaja daktari wa akili, mtafiti, mtu wa mkoa mwingine, akanipa vidonge. Nikatulia, nikashika jembe.

Jirani yangu, mfugaji, naye aliugua hivyo hivyo. Akatibiwa na daktari yule yule, akapona.

Sasa daktari huyo kwa kuandika alikuwa balaa. Kaandika kifafa, kaandika pombe, kaandika akina mama wanaochanganyikiwa wakishajifungua. Ni kwenye majarida ya madaktari, yanasomwa mpaka Ulaya! Siku moja akaleta moja kwenye mkutano wa kijiji, mwalimu akatufasiria: kuna mwanamume, mfugaji wa Hanang, aliyeugua sana akarudi kwa watu wake.

Jirani akaruka. "Ndiyo mimi huyo!"

Nikamuuliza mwalimu, "Mimi nipo ukurasa gani?"

"Mzee, humu hamna majina."

"Basi soma sifa tu, nitajijua."

Akafunua mpaka mwisho. Sipo. Mlima mzima nimeuamuru, sipo!

Kuanzia hapo jirani akawa anatembea kama mkuu wa wilaya. Akifika kilabuni watu wanampisha kigoda. Hata mama watoto ananiambia, "Nenda basi kamsalimie mtu wa Ulaya." Wivu ukanishika, ugali wangu anakula mbwa.

Nikawaza, daktari anaandika wagonjwa, mimi nimepona mno. Nikaacha dawa. Kidonge naweka chini ya ulimi, nikitoka nje natema. Jogoo wetu alikidonoa kimoja, akasahau kuwika mpaka mavuno.

Lakini ndugu zangu, ugonjwa haukuja nilivyouagiza. Nilitaka niugue kidogo tu, kiasi cha kuandikwa. Zikaja sauti, zinaniambia mama watoto ametia sumu kwenye uji. Nikamwaga uji, nikamfukuza yeye na watoto, nikajifungia ndani na panga. Mama wa watu akaenda kulala kwa majirani, mtoto mgongoni.

Wanaume wakaja na kamba. Jirani akawazuia mlangoni. Akaniita, "Ndugu yangu, ni mimi. Naingia."

Akaingia peke yake, hana hata fimbo. Akatupa shuka begani, akaninyooshea mikono. Makovu ya kamba yameizunguka kama bangili. Akawaambia wale wa nje, "Mimi mlinifunga mpaka nyama ikaoza. Huyu hafungwi."

Ndugu zangu, kumbe nilikuwa namwonea mwenzangu wivu kwa mikono ile. Mateso yale ndiyo yaliyoandikwa.

Nikaliweka panga chini. Akanifunika shuka lake, tukatembea mpaka hospitali ya Katesh. Ng'ombe wake aliwaachia Mungu. Nikisimama njiani nagombana na sauti, na yeye anasimama, anangoja tumalizane.

Nilipopona, daktari akaniambia, "Sasa nitakuandika. Mgonjwa aliyeacha dawa."

Eh! Mwenzangu kaandikwa kwa kupona, mimi kwa ujinga! Nikamwambia, "Andika, lakini mweke na jirani aliyenileta."

Akakuna kichwa. "Mzee, hii ni habari ya vidonge. Jirani sina pa kumweka."

Ndiyo maana leo namweka mimi, kwa mdomo wangu. Daktari, asante kwa dawa. Mama watoto, asante, ulirudi wakati hata mimi nisingerudi. Na ninyi nawaambia: mezeni dawa zenu, kupona si aibu. Na mkisikia mtu anakwenda kufungwa kamba, msiende kutazama, nendeni mkasimame mlangoni.

Jirani, simama wakuone. Wazee, mpigieni makofi.

Haya, inatosha, inatosha! Mnampigia mpaka lini? Wivu wenyewe bado haujaniisha.