Nani Atachukua Maganda ya Mastura?

Benchi yetu iko Bondeni, nje ya kibanda cha Mastura cha chipo, viazi vya kukaanga, na siku hizi lazima uzibe pua kwanza ndio unywe kahawa. Magunia nane ya maganda ya waru, hivyo viazi vyake, yameozea hapo nyuma tangu Mzee wa Punda, aliyekuwa akiyabeba kwa mkokoteni, aache kuja. Jana barua ya kaunti imefika: taka ya biashara ni jukumu la mwenye biashara, na kama kufikia Ijumaa hana mtu mwenye kibali wa kuichukua, kibanda kinafungwa. Mimi hiyo barua imenikasirisha kuliko hata mwenye kibanda. Nitakaa wapi?

Profesa, aliyewahi kufundisha darasa la tatu kwa muhula mmoja, ndiye alianza.

— Zamani mambo ilikuwa sawa. Mzee anapakia maganda asubuhi, ng'ombe zinakula, kesho anakuletea maziwa. Barua ya nini?

— Na hayo maziwa! Mastura akaguna. Ukichemsha, malai inakaa juu kama chapati. Wallahi nimeyakosa.

— Punda ameibwa, akasema Breki, kijana wa boda. Mzee bila punda ataanzia wapi?

— Wacha ujinga, Profesa akamkatiza. Maganda yana spiriti. Mzee amefungua kiwanda huko Keringet, anatengeneza mafuta ya gari.

— Ndio maana petroli imepanda! Breki akadakia.

— Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Tumemlisha miaka tisa, ametuacha.

— Prof, nikamwambia, huyo punda ndiye alikuwa anatubebea uchafu. Sisi tulimlisha lini?

Hapo ndipo msichana mmoja akasimama mbele yetu, faili kwapani, buti zimejaa matope.

— Hamjambo? Naitwa Cherop, natoka kaunti. Mathe, akamgeukia Mastura, ile barua ni mimi niliyempa jirani akupatie. Nimesikia kuna mzee alikuwa anakuchukulia maganda.

— Alikuwa, mama. Na hakuwahi kunisumbua hata siku moja.

— Basi usiogope. Wiki hii tunaandikisha watu wa mikokoteni na kuwapa kibali, bure. Nikimpata nimwandikishe, anaendelea kukuchukulia, na hapa hatufungi. Anaitwa nani?

— Mzee wa Punda, tukajibu wote.

— Hilo si jina. Jina lake kamili.

Profesa akaangalia kikombe. Mimi nikaangalia Profesa.

— Punda anaitwa Malkia, akasema Breki polepole.

Mastura alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi, leso mdomoni.

— Bwanangu alipokufa, huyo mzee alikuja matangani na lita tano za maziwa. Akakaa na sisi mpaka jioni. Nikamwambia, asante mzee. Miaka tisa, mwanangu, asante mzee tu.

Cherop akafunga kalamu yake; bila jina hakuwa na wa kumtafuta wala wa kumwandikisha kabla ya Ijumaa.