Mfalme Asiyelazwa

"Kubali umeshindwa, mzee mwenzangu! Umebaki na mfalme na askari mmoja, unang'ang'ania nini?"

Aliyefoka alikuwa mzee mwenye kofia ya manyoya. Ubao mdogo wa sataranji ulikuwa magotini, kati yake na mzee mwenye mfuko wa matufaha. Walikuwa wamekutana humo humo kwenye treni ya Klin, na hata majina hawakuulizana.

"Mimi mfalme wangu simlazi ubaoni kusalimu amri," alijibu wa matufaha. "Kama unaniweza, nimalize."

"Huna adabu! Kocha wangu angekuvuta sikio. Mstaarabu akiona mambo yameharibika, anatoa mkono, basi."

"Kocha wako bila shaka yuko kaburini. Cheza, bwana, acha hotuba."

Rimma Arkadyevna, aliyekaa mkabala nao, alijifanya anasoma gazeti. Alikuwa amefundisha watoto mchezo huo mpaka alipostaafu, na macho hayakumtii. Tangu kituo cha Kryukovo, mwenye kofia alihitaji kusukuma kete yake ya ngome mara moja tu, mchezo uishe. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona hilo. Lakini yeye aliipeleka kando, akairudisha, akaipeleka tena, huku akigomba.

"Siku hizi watu hawajui kushindwa!"

"Wala kushinda," alisema mwenzake taratibu, akamkatia kipande cha tufaha.

Mwenye kofia akakipokea, akaisogeza tena ngome kando.

Treni ikasimama Klin, mwisho wa safari. Hakuna aliyeinuka kati yao watatu, hata Rimma, ambaye alipaswa kushuka Kryukovo.