Bwana Abilahi Tawakali, Mkusanya Maoni wa Gari la Sinema, Anarudi Mtama

Bwana Abilahi Tawakali anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Sinema Tembezi ya Kusini kwa miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Muda wote huo alikuwa na kazi moja: kuwauliza watu wameionaje sinema, na kuandika walivyojibu. Wakurugenzi wanne wamekuja na kuondoka, magari matatu yametufia njiani, yeye na daftari lake wapo. Nimeombwa niandike wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga kwa sababu nimesafiri naye miaka kumi na tisa nikiwa dereva na fundi wa mitambo. Naitwa Cletus. Mimi ni Mngoni na yeye ni Mmwera, kwa hiyo ni watani, wa kutukanana bila kukasirikiana hata msibani, na mkurugenzi amenisihi niandike kwa adabu. Nitajitahidi.

Alipoajiriwa, maoni yalikuwa yakikusanywa sinema inapoisha tu. Kila mtu alisema nzuri, nzuri sana, ili aachiwe akalale. Abilahi alikataa utaratibu huo. Alisema mtu aliyetoka kuona sinema ni sawa na mtu aliyetoka kula pilau ya harusi, hawezi kumsema mpishi huku mkono bado una mafuta. Tangu hapo tukawa tunalala kijijini, na asubuhi anapita nyumba kwa nyumba akipiga hodi, watu wakiwa wanabangua korosho au wanachambua mbaazi. Hapo ndipo ukweli ulipopatikana, na makao makuu wakaacha kutuletea sinema ambazo watu walizisifia usiku na kuzisahau asubuhi.

Aliandika neno kwa neno, hakusahihisha wala kupamba. Mwaka jana tulitembeza sinema ya jasusi wa kigeni, ngumi nyingi na vichekesho vingi zaidi, na daftari la safari ile ni la kuwekwa kabatini kwa ajili ya wajukuu. Stefano, dereva wa bodaboda pale Mingoyo, alisema: “Kaendesha pikipiki toka mwanzo hadi mwisho, karuka mto, kapanda ngazi, hajaweka mafuta hata mara moja. Hiyo pikipiki naitaka.” Mama mmoja jirani yake alisikitishwa na mke wa jasusi, aliyedanganywa miaka kumi na mitano kwamba mumewe anauza mazulia: “Miaka yote hiyo hajaletewa nyumbani hata kipande cha zulia, naye hajauliza? Huyo naye ana lake.” Hata mkurugenzi, ambaye si mwepesi wa kucheka, aliyasoma maoni hayo mara mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuombwa kuliandika.

Bi Mwahija, mke wa Abilahi, alifariki miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo, ukiacha mara moja nitakayoieleza, Abilahi hajawahi kutamka kwamba amefiwa. Tukimaliza kazi husema nyumbani hawapendi achelewe. Tukipita kwao Mtama husema ngoja aulize nyumbani kama wanahitaji chumvi. Sote ofisini tunajua kwamba nyumbani hakuna mtu, kwamba watoto wake wawili wako Dar es Salaam na wana mambo yao, na sote tumekuwa tukiitikia, haya, wasalimie. Tulidhani ndio ustaarabu. Nimekaa naye garini siku nyingi tukiwa wawili tu, na naweza kusema sijaona upweke kama wa mtu anayetumiwa salamu za kumpelekea mtu asiyekuwepo, naye anazipokea.

Sinema ile ya jasusi tuliifikisha Kikole mwezi wa Agosti. Katikati yake jasusi anapigwa risasi, anazikwa kwa heshima zote, kisha anaibuka mzima jikoni kwa adui yake. Kila tulikopita, watu waliruka na kupiga kelele alipoibuka. Kikole hakushtuka mtu. Asubuhi Abilahi alikwenda kuuliza sababu, na Bi Salima, mkulima wa makamo anayesikilizwa pale kijijini, akamjibu huku akipepeta ufuta wake:

“Sisi tulijua mapema hajafa. Maziko gani yale, babu? Watu wamevaa miwani, wamenyamaza, hakuna mtani hata mmoja wa kuzuia jeneza hadi alipwe, wala wa kumwiga marehemu. Mtu akizikwa kimya hivyo, hata wenye msiba wenyewe hawaamini.”

Abilahi aliandika. Akamwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia vizuri, naye akarudia. Kisha akafunga daftari kabla hajamaliza nyumba zilizobaki, jambo ambalo sijamwona akilifanya siku nyingine yoyote. Tukaendesha hadi Nangurukuru. Pale tukanywa chai, na ndipo aliponiuliza, kwa upole kabisa, kwa nini sikuja kwenye msiba wa mke wake.

Nilimwambia nilikuja. Na kweli nilikuja. Nilivaa shati jeupe, nikabeba barua ya rambirambi yenye mhuri, nikakaa kwenye viti na wakubwa, nikanyamaza kama walivyonyamaza wao. Miaka yote nilikuwa nikimwita mtumwa wangu mbele ya wageni, nikimkumbusha babu zake walivyowakimbia babu zangu hadi wakaishiwa nchi kavu. Siku aliyonihitaji kweli nikaona utani utaniaibisha mbele ya mkurugenzi. Abilahi alinisikiliza hadi mwisho, akasema msibani alikuja mtumishi mwenzake, alishukuru, lakini mtani wake hakuja. Akalipia chai zote mbili tukaondoka. Nimeona haya tangu siku hiyo.

Kwa niaba ya watumishi wote, namshukuru Bwana Abilahi kwa kuwasikiliza watu ambao hakuna mwingine aliyewauliza kitu. Madaftari yake arobaini na moja yatabaki ofisini, na atakayechukua nafasi yake ameagizwa ayasome kabla hajapiga hodi popote.

Mkurugenzi, adabu yangu imeishia hapa.

Abilahi, mtumwa wangu, sherehe ikiisha gari la kukurudisha Mtama naliendesha mimi. Wazee wa jirani nimeshawapigia simu, wanatusubiri. Tukifika sitakuacha uingie ndani. Nitajilaza mlangoni kwako na suti yangu hii, na sitoki hadi nipewe jogoo. Nitamwiga shemeji alivyokuwa akitembea na kanga yake begani, akikuita kwa jina lako lote ukichelewa kula. Nitadai sufuria zake. Watu watanicheka, nawe utanitukana, na ni haki yako kunitukana. Nimechelewa miaka minne, ila Wangoni hatujawahi kushindwa kuwafikia Wamwera.

Tunakutakia uzee wenye afya na nyumba yenye kupigiwa hodi.

Na pole, ndugu yangu. Mkeo amefariki.