Mzee Waya, Fundi wa Maabara ya Leza

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, katika chumba kimoja nyuma ya duka la saa. Bibi alisema mtoto huyo alijua kushika bisibisi kabla ya kijiko, na Bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alihitimu ufundi umeme mwaka 1972.

Julai 1974 aliajiriwa katika maabara ya fizikia ya chuo kikuu, akadumu hapo miaka thelathini na saba. Kazi yake ilikuwa kuondoa kelele, yaani mitikisiko na umeme wa pembeni unaovuruga vipimo vya leza: za feni, za taa, hata za waya uliolegea. Wanafunzi wakamwita Mzee Waya. Hata nyumbani alizima jokofu ili ajaribu vifaa vyake. Mama, muuguzi ambaye Baba alimwoa tarehe 8 Desemba 1979, alimwambia, "Baba watoto, maziwa yakiharibika tena utayanywa wewe." Aliyanywa.

Mwaka 1996 ulimjaribu. Profesa, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa akipitisha leza kwenye pumzi za wagonjwa. Mchoro wa vipimo ulionyesha kilele kidogo ambacho Profesa aliamini ni dalili ya ugonjwa wa mapafu, na miaka yake sita ya kazi ilisimama juu ya kilele hicho. Siku moja kabla Profesa hajakitangaza kwenye mkutano wa wanasayansi, Baba aliweka kiganja kwenye kioo cha chombo chenye gesi ya pumzi hizo. Kioo kilipopata joto, kilele kikahama. Alama ya gesi haihamishwi na joto la mkono.

"Ndugu yangu, hiki hakitoki kwa mgonjwa. Ni mwanga unaodundadunda ndani ya kioo."

"Ungesubiri basi nitoke mkutanoni."

"Ukitoka mkutanoni, mtu mzima wa afya atakuwa ameshaanza kumeza dawa."

Profesa alijitoa mkutanoni, na hakumsemesha Baba kwa miaka kumi na tisa. Baba alikiinamisha kioo kidogo tu na kilele kikatoweka. Hatukumsikia akijisifu. Tulimwona akiinua simu, akiirudisha. Ilimuuma sana.

Mwaka 2015 figo za Baba zilipofeli, Profesa aliingia wodini, akavuta kiti, akamshika mkono. Walilia wote wawili. Tangu hapo kila Jumanne alimpeleka mwenyewe kusafishwa damu, wakibishana njia nzima. Baba alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Orodha hii aliiandika mwenyewe. Penye ndugu aliandika dada yake, na chini yake, Profesa.

"Huyu si wa tumbo letu," Shangazi alisema.

"Mwache hapo hapo," Baba akajibu.

Basi Profesa, ndugu wa marehemu watakapoitwa kutia udongo, simama na wewe. Baba yetu na apumzike kwa amani.