Kitambaa Kilichobaki kwa Bi Tamou

Sogeeni, wanangu. Wewe Larbi kaa upande huu wa mkono wa kulia, na wewe Batoul acha kulia kwanza, utalia baadaye ukipata nafasi. Daktari kaniambia niseme kidogo, na tangu nizaliwe hapa Fez hakuna aliyeniambia hivyo nikamtii, lakini safari hii kifua changu mwenyewe kimekwenda upande wake, kwa hiyo nitasema mara moja na mtu asinikatize.

Mali kwanza, maana ndiyo nyepesi. Sheria ya Mungu inajua nani apate nini, mimi siongezi wala sipunguzi. Karakana ya makubadhi ataiendesha Larbi, na visu vyangu asimwazime mtu. Ule ukuta wa ngazi niliogombania na binamu yangu Allal, mwachieni. Allal alikuwa na haki na nilijua tangu mwanzo, ila alinipigia kelele mbele ya watu, nami mbele ya watu sijawahi kukubali kushindwa. Mnanijua. Makubadhi yangu yamevaliwa na mabalozi, na aliyeyavaa bila kuwa balozi nilimpa ubalozi mimi mwenyewe kwa mdomo huu. Nyumba hii isiuzwe mama yenu akiwa hai, na chumbani kwake mtu abishe hodi kabla ya kuingia. Mimi sikuwa nikibisha.

Sasa jambo lenyewe. Batoul, tangu siku ile ya dukani umemnunia mama yako. Alikuahidi kitambaa cha harusi, akarudi mikono mitupu, akasema hakuna kitambaa, basi, nawe ukamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nakunywa chai. Nikajitia nimezama kwenye kikombe.

Siku ile tulikwenda na wakwe zako, Bwana Mfeddal na mkewe, kwa Bi Tamou, yule anayeuza darizi za kale nyuma ya soko la hina, kuchagua mito ya zamani ya kiti cha bibi harusi. Duka lile nimepita mlangoni pake maisha yangu yote bila kutia mguu ndani. Lakini Bwana Mfeddal aliposema kwamba yeye mambo ya sindano hayajui, kichwa kikanipanda, nikamwambia, "Usiwe na shaka, ndugu yangu, umekuja na mwenye mji. Mimi nimelazwa juu ya darizi tangu sijaota meno. Darizi nazijua kwa harufu!" Mkewe akacheka, nami nikiona mtu amecheka huwa siachi, nikaongeza.

Bi Tamou akatandika vitu vyake: mapazia, mishipi ya hariri, na vile vitambaa ambavyo zamani wasichana walijifunzia kwa mwalimu wa sindano, mstari huu mtindo mmoja, mstari wa chini yake mtindo mwingine, mpaka kitambaa kijae na msichana ahesabiwe fundi. Kimoja kilikuwa kimewekwa kando, kimefuliwa na kutiwa vishada vipya. Nikakinyakua. Nikakigeuza, nikakigeuza tena.

"Bi Tamou," nikasema, "unatuonyesha mgongo wa nguo. Tupe uso wake."

"Bwana Thami, hiyo ni darizi ya Fez."

"Najua ni ya Fez! Uso uko wapi?"

"Ya Fez haina mgongo. Pande zote mbili ni uso. Kwani wewe umehamia lini hapa?"

Bwana Mfeddal akakohoa kwenye kiganja. Mtu mwenye akili angekirudisha kitambaa mahali pake akaulizia habari za hali ya hewa. Mimi nikaanza kutafuta kosa ili nijiokoe, na nikalipata: mstari wa mwisho ulikuwa umekatika katikati, vijiti vidogo vya uzi vimeanza vizuri vimepangana, halafu weupe mtupu. Nikakiinua juu duka zima lione.

"Na huyu mvivu je? Alichoka akaenda kulala? Mumewe namhurumia, nadhani mpaka leo anakula mkate mbichi!"

Mke wa Mfeddal safari hii hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yenu.

"Hakuwa mvivu," mama yenu akasema.

"Kumbe unamjua?"

"Aliolewa."

"Ndiyo aache kazi katikati?"

"Aliolewa, nakwambia. Bwana alikuwa na haraka. Alishawatangazia rafiki zake kwamba kabla ya zabibu kuiva atakuwa na mke ndani. Mwalimu wa sindano alimwomba angoje mstari ule tu, bwana akasema haina haja, atamnunulia mke wake vitambaa mia vilivyokwisha dariziwa."

Nami nilikuwa bado nacheka, wanangu, hilo ndilo linalonichoma. Nilimcheka huyo bwana na zabibu zake mpaka mama yenu alipomaliza kusema, ndipo nikatambua kwamba bwana yule ni mimi, na zabibu zile zilikuwa zangu. Vitambaa mia sikununua hata kimoja. Na kile nilichokuwa nakipeperusha kama shati la mlevi, alikitunza sandukuni mwake miaka yote, akakipeleka kwa Bi Tamou kisafishwe, na siku ile alikusudia kukitoa mbele ya mama mkwe wako, aseme, hiki ni cha mkono wangu, nampa binti yangu.

Alikichukua mkononi mwangu, akakikunja taratibu, akampa Bi Tamou. "Kaa nacho, dada. Kimeshaonwa." Kisha akageuka kuchagua mito kana kwamba hakuna lililotokea. Nyumbani akaniambia, "Chai yako tayari, Bwana Thami." Bwana Thami! Ndani ya nyumba yangu, kama mkusanya kodi! Na hivyo ndivyo anavyoniita hadi leo, kwa adabu ambayo ingekuwa heri anitukane.

Nipe maji, Larbi. Kidogo. Basi.

Nilirudi dukani peke yangu. Ule mteremko wa kwenda kwake zamani nilikuwa naushuka nikiimba, siku hiyo niliegemea kila ukuta, na punda wote wa mjini wakanipita. Nikamwambia Bi Tamou nimetumwa na mke wangu nikichukue. Ndiyo, nilidanganya, na hali yangu ni hii. Akaniangalia.

"Amekutuma? Haya, nitajie rangi ya uzi wake, nikupe."

Nilikishika kwa mikono hii miwili, Batoul. Nilikigeuza, nilikiinua. Nikabahatisha. "Buluu," nikasema, maana darizi za Fez nyingi ni buluu, nani hajui?

"Kijani, Bwana Thami," akasema, tena kwa sauti ndogo, hakutaka jirani asikie. Kunistiri huko ndiko kuliniumiza zaidi. "Kijani. Nenda kapumzike."

Kwa hiyo... ngojeni. Kwa hiyo nawausia hivi. Mtu asiende kukitoa kile kitambaa kwa ujanja, wala kwa kusema marehemu alitaka. Ni cha Zhor, mama yenu. Akitaka kibaki huko, kibaki. Batoul, leo hii ukambusu mama yako mkono, na kitambaa usikitaje. Larbi, utakapooa... mngoje mwenzio amalize alichokianza. Na mazishini asisimame mtu kunisifu, nimejisifu ya kutosha. Mungu awape riziki isiyo na kelele, awape nyumba ambazo watu wake wanaonana. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza.

Sasa mwiteni mama yenu. Usimwambie namwita, Larbi. Sema namwomba. Akikataa, mwacheni.

Karibu, Zhor. Hapana, mto uache hivyohivyo. Keti. Nyie tokeni, mrudishe na mlango.

Nilipanga maneno mazuri, unanijua, nilikuwa nayo tangu asubuhi... yamekwisha yote. Nisamehe. Na kama bado hutaki, Zhor, usiseme umetaka kwa sababu ya... ya hali hii. Keti tu kidogo. Mimi nanyamaza.