Sahihi Yangu Kwenye Bei za Kusini

Fungeni mlango huo. Na wewe, kifungua mimba, toka hapo dirishani, mgongo wako unanizibia mwanga na mimi nataka kuziona nyuso zenu ninaposema, maana tangu ujana nimezoea kumtazama mtu usoni nikiulizia bei ya nyumba, na kilichowaleta hapa leo ni bei ya nyumba, si homa yangu. Msibishe. Masikio ndiyo kitu pekee katika mwili huu ambacho hakijaniasi. Jumanne nilimsikia mthamini uliyemleta, akapima baraza, akagonga kuta kama daktari anayegonga kifua, kisha akauliza, hapo hapo nje ya dirisha langu, mgonjwa anatarajiwa kuondoka lini. Ukamjibu kwamba madaktari wamesema wiki mbili. Nakushukuru kwa taarifa, maana mimi walikuwa hawajaniambia.

Kaeni chini. Anayetaka kulia akalie jikoni, humu ndani tuna kazi. Sikilizeni, na asinikatize mtu, kwa sababu pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja tu.

Siku nne hizi mmegombana hapo sebuleni kama kuku waliomwagiwa punje. Wewe mkubwa unasema nyumba hii haizidi milioni tisini, kwa kuwa unataka kuwanunua wenzako sehemu zao. Na wewe wa katikati, binti yangu uliyemtuma mumeo kupima sebule kwa futi nikiwa nimelala, unasema simu yako imekuonyesha milioni mia na arobaini, kwa kuwa unataka kununuliwa. Mnunuzi haoni uzuri, muuzaji haoni ufa. Kitinda mimba hajataja bei yoyote, naye nitamfikia. Lakini nyinyi wawili mmenitia aibu, si kwa uroho, uroho nilishauzoea, bali kwa uvivu. Mmekula na kusoma kwa kazi ya mama yenu, na hakuna hata mmoja anayejua kuuliza bei. Mthamini wako amelinganisha nyumba hii na nyumba tatu za nyuma ya soko zilizonadiwa na benki, ambazo wenyewe walitolewa na polisi. Na hiyo simu yako, binti yangu, inakusanya matangazo. Lile la nyumba ya kona lipo tangu mwaka juzi na hajatokea hata mtu wa kuja kuonja maji ya bomba lake. Bei anayotaja muuzaji ni dua. Bei aliyolipa mnunuzi ndiyo jibu la dua. Muulizeni aliyelipa, tena muulizeni mbali na mkewe, na mbali na dalali.

Mimi nilifanya hivyo miaka thelathini na moja. Nyinyi mlijua tu kwamba mama anafanya kazi ofisi ya takwimu, basi. Kazi yenyewe ilikuwa hii: kila robo mwaka natoka na viatu vya mpira na karatasi zangu, naingia mkoa niliopangiwa, nagonga milango, nauliza nani kauza, nani kanunua, kwa kiasi gani hasa, bati limekwisha kutu au bado, kisha narudi, na ofisi inatoa jarida linalosema bei za nyumba mkoa huu zimepanda kwa kadiri hii, mkoa ule zimeshuka kwa kadiri ile. Watu waliliamini jarida lile. Benki zilikopesha kwa jarida lile. Wajane waliuza na kununua kwa jarida lile.

Mkuu wetu wa idara tulimwita Bwana Wastani. Alipoambiwa mtaani kwake kila nyumba ina watoto wawili na nusu, aliandika, wala hakuuliza hiyo nusu inasoma shule gani. Simtukani. Au basi, namtukana, niko kitandani mwangu. Huyo akija kwenye mazishi yangu mpeni kiti, lakini kiwe cha nyuma.

Mwaka ambao kiwanda cha nguo cha kusini kilifungwa, mimi ndiye niliyekuwa mkusanyaji wa kusini. Niligonga milango sitini na mmoja. Nikakuta mitaa ambayo neno "inauzwa" limeandikwa kwa chokaa ukutani mpaka mvua imelifuta, na mwenyewe kaliandika upya. Waliouza walikuwa wameuziana kwa mkono, bila dalali, bila karatasi kufika ofisi yoyote, na walilipwa kidogo mno. Mwanamume mmoja alinitajia bei aliyoipata huku akimziba mwanawe masikio. Nikapiga hesabu zangu, nikazirudia, nikazirudia tena: kusini zimeshuka asilimia kumi na nne. Nikarudi, nikakuta jarida limeshapangwa. Kusini zimepanda asilimia nane.

Nikapanda juu chumba cha mikutano. Nikasema mbele ya wote kwamba hizo nyumba mlizozihesabu, zilizofika ofisini kwa karatasi, ni kumi na moja tu, na tisa ni za kule mlimani, walizonunua mameneja wa mgodi mpya. Nikawaambia, ukipima urefu wa watu siku ambayo wafupi wote wamejifungia ndani, utatangaza kwamba nchi nzima imerefuka.

Bwana Wastani akasema, "Nyumba isiyouzwa haina bei."

Nikamjibu, "Na mgonjwa asiyefika zahanati hana homa?"

Wenzangu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza. Yule mtu aliweza kuvumilia kubishiwa, hata alipenda, lakini kuchekwa hakuweza. Kesho yake akaniita ofisini kwake. Natamani niwaambie alinitisha. Hakunitisha. Aliniagizia chai. Akaniwekea mezani karatasi mbili, moja ya kupandishwa cheo, niwe msimamizi wa mikoa yote, pamoja na mkopo wa nyumba wa wafanyakazi. Na ya pili ukurasa wa kusini, wenye asilimia nane yake, na chini yake mstari mtupu wa sahihi ya mkusanyaji. Akasema takwimu ni njia tu ya kuhesabu, na kwamba wakubwa wanahitaji kusikia kusini kunapona ili kupone kweli. Tulikuwa tunakaa vyumba viwili vya kupanga, baba yenu na uashi wake anajengea watu wengine, na wewe binti ulikuwa unakohoa kwa ukungu wa kuta. Lakini msikifanye kifua cha mtoto kuwa wakili wangu. Wengi walikuwa na watoto wanaokohoa na hawakutia sahihi. Mimi nilitia. Kisha nikamaliza chai yake.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa nakuja kwa mama yenu mkubwa.

Najua mnavyolijua jambo hili. Mnajua kwamba dada yangu, fundi cherehani wa kusini, alitususa kwa wivu siku tulipohamia nyumba hii, na kwamba moyo wake ni mwembamba. Niliwafundisha mimi. Niliwafundisha mkiwa wadogo, mezani, mkila, hata mkawa mnalisema wenyewe bila kusukumwa. Ulikuwa uongo, na kila mlipourudia nilishukuru.

Dada yangu alinilea, wanangu. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa na miaka sita na yeye kumi na tano, akaacha shule, akajifunza kushona, akanisomesha kwa mashati ya watu. Mume wake alipofariki alimwachia nyumba moja pale kusini, chumba na sebule na kibaraza cha cherehani. Kiwanda kilipofungwa, wateja wakaisha, akapata mnunuzi, mwalimu mmoja mstaarabu, kwa bei nzuri kwa hali ile. Alitaka auze, aje mjini, afungue duka dogo karibu nasi. Ndipo akaliona jarida.

Alinipigia simu kazini. Nilikuwa tayari na ofisi yangu, mlango umefungwa, na simu ni ya kwangu. Hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Hilo mlishike, maana miaka mingi nilijidanganya kwamba Bwana Wastani alikuwa hapo.

Akaniambia, "Mdogo wangu, mwalimu anataka jibu kesho. Lakini nimeona kwenye jarida lenu bei zinapanda, na jina lako liko chini. Niuze, au nisubiri?"

Ningesema neno moja tu. Uza. Silabi mbili. Lakini kumwambia uza kulikuwa ni kumwambia kwamba mdogo wake aliyemsomesha kwa sindano ametia jina lake kwenye uongo, na cheo kilikuwa na wiki tatu, na baba yenu alikuwa ameshachimba msingi wa nyumba hii. Nikasema, "Dada, takwimu ndizo hizo." Akanishukuru. Akaniombea dua. Akakata simu akaenda kumwambia mwalimu kwamba atasubiri.

Alisubiri mwaka na nusu. Mwalimu alinunua kwingine. Mwishowe aliiuza kwa pungufu ya nusu, kwa mtu aliyeng'oa bati na milango na kuziacha kuta zinyeshewe. Na baada ya miaka miwili, mkuu mpya alipoingia, jarida likatoa marekebisho, ukurasa wa mwisho, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: bei za kusini za robo ile hazikupanda asilimia nane, bali zilishuka asilimia kumi na nne. Kumi na nne, namba yangu ile ile niliyoitolea jasho. Hakuna aliyempigia simu mtu yeyote. Bwana Wastani alistaafu kwa hotuba na saa ya ukutani. Dada yangu akakikata kile kipande kwa mkasi wake wa kazi, kimenyooka kama pindo, akakitia kwenye bahasha, akanitumia. Hakuandika neno. Nilimwambia baba yenu ni tangazo la vitambaa, naye akafa akiamini hivyo.

Miaka ishirini na sita. Anakaa chumba cha kupanga nyuma ya duka la mtu, anapunguza sare za wanafunzi. Na mimi nimelala ndani ya kuta hizi. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu alikuja mapema, nikamlea humu humu ndani pamoja nanyi.

Basi haya ndiyo maagizo. Kiwanja cha baba yenu kule nje ya mji, alichokinunua kwa mwiko na jasho lake kabla hajanioa, hicho ni safi. Ni chenu watatu, gawaneni sawasawa, na bei yake mkaiulizie kwa miguu. Vyombo vya uashi vya baba yenu achukue mkubwa. Akiba yangu ya posta ni ya kitinda mimba, aliyenigeuza ubavu kwa ubavu miezi mitano bila kunitajia hata siku moja alichoacha ili anigeuze.

Nyumba hii si yenu. Mwezi uliopita, mlipodhani niko kliniki, nilikuwa kwa wakili. Nimeihamishia kwa dada yangu, nikiwa na akili zangu, mbele ya mashahidi wawili, na daktari kathibitisha.

Kaa chini, kifungua mimba. Nimesema kaa. Unasema ni haki yenu. Haki yenu kwa lipi? Mkopo ulioijenga nilipewa kwa sahihi ile, na sahihi ile ililipwa na mwanamke mwingine. Ukitaka kwenda mahakamani nenda, wakili ameshaniambia utakwenda, na amefurahi, maana ana watoto wa kusomesha. Na wewe binti, usinitazame hivyo. Mlikuwa mkigombea bei ya mali isiyo yenu.

Kitinda mimba alijua. Ndiye niliyemtuma kusini na karatasi. Badala ya kuniuliza yeye atalala wapi, aliniuliza mama mkubwa anapenda chumba cha upande gani. Nilimwambia sijui tena.

Kamkuta kwenye cherehani. Dada yangu akazisoma karatasi mara mbili, akaikagua sahihi yangu muda mrefu, mtoto anasema mrefu sana, kisha akampa jibu aniletee kama lilivyo, nalo kaniletea kama lilivyo: "Nyumba nitaipokea. Yeye simsamehe. Nitaingia akishatolewa."

Ni haki yake. Sikuitoa ninunue msamaha, na kama niliitoa kwa hilo, basi nimekosa bei tena. Asijaribu mmoja wenu kumbembeleza. Asimwambie mtu kwamba nililia, sikulia. Mtakaponizika, siku hiyo hiyo, msiache ifike kesho, mfagie, mfungue madirisha, mtoe dawa zangu na harufu yangu, mumpe funguo kwa mikono miwili, na mumwamkie kama mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa mama humu kabla yangu. Akinitukana mbele yenu, mwitikieni.

Sogeeni. Sauti... sogeeni karibu. Hata wewe mkubwa, sina nguvu ya kukukasirikia zaidi. Nipe mkono. Una mikono ya baba yako, kwa nini hukunionyesha. Mungu awape mkate wa halali, mtosheke nao. Awape mtu wa kuwabishia, na awape masikio. Msitie jina lenu... pale ambapo... mmeelewa. Nimewabariki watatu, kwa usawa, hata yule asiyetaka.

Yuko mjini. Dada. Tangu Jumapili, nyumba ya wageni karibu na stendi. Hapana, msiende kumwita. Amesema hataingia, hataingia, namjua. Ana mzigo mmoja na cherehani yake, na analipia kila siku anayokaa pale.

Anzeni kufunga vitu vyangu. Leo. Msinionee haya. Tayari amesubiri sana... mimi nisimcheleweshe.