Risala ya Sebuleni kwa Odeta kwa Muuza Dawa wa Kwenye Runinga

Mgeni rasmi, ndugu Jovitus Byabato, unayejulikana nchi nzima kwa jina la Muuza Dawa, na sisi tunakujua tangu ukikimbia na kaptula hapa hapa Pasiansi, mama yako mzazi, Mama Kokulinda, aliyekaa kwenye kiti chenye mto hapo mbele, balozi wetu, na majirani mliobanana humu ndani pamoja na ninyi mliojazana dirishani mkatuzibia hewa: tunawasalimu wote.

KARIBU NYUMBANI

Mgeni rasmi, shikamoo yako tumeipokea pale mlangoni, marahaba sana. Tunajua risala husomewa mkubwa aliyekuja kufungua kisima au zahanati. Wewe umekuja kwa shughuli yako ya nyumbani, sisi tukakudaka njiani na kukuvika maua ya plastiki. Utusamehe. Tungefuata utaratibu wa kukualika, ungekuwa umeshaondoka, tena siyo peke yako. Hilo la kuondoka tutalifikia, maana risala ina mpangilio wake.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu hakina katiba wala muhuri. Kina runinga ya Odeta, mkeka wa Odeta na uvumilivu wa mume wa Odeta. Tulianza kukutana Ijumaa jioni pale runinga ilipoanza kuonyesha visa vya Mpelelezi Masalu.

Visa hivyo si vigeni kwetu. Zamani vilikuwa vitabu vidogo vya karatasi mbaya, vikipita mkono kwa mkono mpaka kurasa za mwisho zinachomoka. Ukifika mwisho ukakuta muuaji amechomoka na kurasa, ulikwenda kumuuliza Mzee Ngosha, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa navyo vizima. Masalu wa vitabuni alikuwa na baiskeli, kofia ya pama na pua. Alikuwa akinusa kikombe anajua marehemu alikunywa nini na nani alimkaribisha. Masalu wa runingani ana simu mbili, anapanda bodaboda, na kofia hana.

Mgeni rasmi, hatutakuficha, siku ya kwanza sebule iligawanyika. Mzee Ngosha alisimama akataka kwenda zake.

"Huyu siyo Masalu," alisema. "Huyu ni fundi simu."

Aoko, mwenzetu anayekaanga samaki hapo kona, akamjibu, "Mzee wangu, wa kwako alikuwa ananusa vikombe vya watu. Huyu wa kwetu angalau amenyoa."

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa daraja. Kitabuni muuaji alikamatiwa Kigongo, amengoja kivuko mpaka shati limelowa jasho. Runingani gari lake likapita juu ya daraja, mara yuko Busisi, ng'ambo ya pili. Mzee Ngosha alishika kichwa. "Sasa hapo mtu anapata wapi muda wa kujuta?"

Lakini hakuondoka. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, akasema amekuja kuhesabu makosa.

MAFANIKIO

Tumejifunza kushuku kwa utaratibu. Kabla muuaji hajatajwa huwa wanaweka matangazo ya sabuni. Hapo Odeta hupanga vigoda, kila kigoda kikipewa jina la mshukiwa mmoja. Kila mtu anakwenda mlangoni, anachukua kandambili yake moja na kuiweka chini ya kigoda cha yule anayemshuku. Anayekosea anaosha vikombe. Balozi wetu hapo alipo ameosha vikombe mpaka mikono imekuwa laini.

Elimu hiyo imetusaidia hata nje ya runinga. Kuku wa Aoko alipopotea, zamani tungeshatajana majina na kununiana. Safari hii tulikaa, tukaulizana kuku alionekana wapi mara ya mwisho na nani alimsikia. Alipatikana chini ya kochi hilo hilo ulilokalia, mgeni rasmi, ameatamia mayai, akitutazama kama mtu aliyechoshwa na maswali.

Fanikio la kujivunia kuliko yote lilikuwa wewe. Ulipotokea kwenye kioo umevaa koti jeupe, nyuma ya kaunta ya duka la dawa, sebule nzima ilipiga vigelegele. Mama yako hakupiga. Alijifunika mdomo kwa kitenge, akatazama mpaka picha ikabadilika, ndipo akasema taratibu, "Amekonda."

CHANGAMOTO

Umeme unakatika muuaji akiwa anataka kutajwa. Maandishi ya chini ni madogo, wenye macho ya zamani tunayasikia tu yakisomwa na wenzetu. Na mume wa Odeta anapenda mpira.

Hizo ni changamoto za kawaida, tungeweza kukusomea tukala wali tukaachana. Iko moja ambayo mama yako hajakwambia. Tumesikia amekwambia kinachomfanya asije tena hapa Ijumaa ni miguu, kwamba kilima cha kuja huku kinamchosha. Mgeni rasmi, miguu yake ni mizima. Jana tumemwona akishusha kabati.

Mambo yalikuwa hivi. Kile kisa cha tajiri aliyekufa akinywa chai, Mama Kokulinda alikingoja kwa furaha na woga. Wewe ulikuwa miongoni mwa washukiwa. Alikwenda kwa Mzee Ngosha mapema akamuuliza. Mzee akamtoa hofu kabisa: "Mama Jovi, kitabu hicho nimekisoma mpaka kimechanika. Muuaji ni shemeji. Mwanao hana hatia hata ya kuvunja glasi."

Basi moyo wake ukatua kama mtungi kwenye kata. Siku hiyo alipika vitumbua na kualika mpaka watu ambao hawafuati Masalu. Aliweka kandambili yake chini ya kigoda cha shemeji bila kusita, na sisi wote tukafuata. Hatukujua kuwa waliotengeneza kipindi walikuwa wamebadilisha mwisho. Masalu alipogeuka na kukunyooshea wewe kidole, na wewe ukatabasamu lile tabasamu lako la siku ya ubatizo, hakuna aliyetafuna.

Odeta ndiye aliyetangulia kusema. "Jovi huyu huyu? Aliyekuwa anaogopa bata?" Tukacheka, na mama yako akacheka pamoja nasi, akasema kazi ni kazi. Siku hiyo iliisha vizuri. Watu wazima wote tuliosha vikombe.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yake ya chai. Alikuja na chupa yake ya tangawizi kama siku zote. Na kama siku zote, alijimiminia kidogo kwanza, akaonja, ndipo akaanza kutugawia. Mgeni rasmi, wewe unajua hilo linatoka wapi. Kwao Kagera mwenye kinywaji huonja mbele ya wageni, kuwaambia bila maneno kwamba mko salama kwangu. Alitueleza siku ya kwanza kabisa alipoleta chai hapa, na tangu siku hiyo hajawahi kuruka. Tulikuwa tunajua.

Siku ile Aoko akainua kikombe chake, akakinusa kama Masalu wa vitabuni. Odeta akasema, "Ngojeni kwanza tuone kama ataanguka." Mwingine akadakia, "Mama wa muuza dawa lazima aonje, anajua alichokoroga." Tulicheka mpaka mume wa Odeta akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Mama Kokulinda alikuwa bado ameshika kikombe chake. Alingoja tumalize kucheka, kama mtu anavyongoja mvua ipite. Alikuwa amezoea kuulizwa kwa nini mwanawe aliacha uhasibu akaenda kuigiza. Kuchekwa kwa ajili ya mtoto alikwisha kujifunza kukubeba. Lakini ile heshima ya kuonja haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya mama yake na ya bibi yake, ndicho kitu pekee alichokuja nacho Mwanza ambacho hakikuhitaji mzigo. Akakimalizia kikombe chake chote polepole, akakifuta, akafunga chupa, akasema, "Haya jamani, nimechoka leo." Alipofika mlangoni alivaa kandambili zake zote mbili bila haraka. Hakuna aliyesimama. Tulidhani atarudi.

Hakurudi. Tulimfuata na samaki wa Aoko, akapokea, akashukuru, akatuulizia watoto. Hakutugombeza, na hapo ndipo tulipoogopa. Sasa tumeona godoro limefungwa kamba, na habari zimetufikia kwamba anahamia Muleba kwa kaka yake, na kwamba wewe umekuja kumchukua.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba Masalu apewe kofia. Mzee Ngosha amesema yuko tayari kutoa ya kwake.

La pili, maandishi ya chini yakuzwe.

La tatu, kama inawezekana, mtu akifanya uovu asipitie darajani. Apande hata mtumbwi.

La nne tulikuwa tumeliandika kwamba usimchukue mama yako. Tumelisoma tena, tukaona siyo letu kuomba, wala siyo lako kutoa. Mama ni mtu mzima, siyo chupa ya chai ikabidhiwe. Kwa hiyo, mgeni rasmi, kwa ruhusa yako tunakuacha kidogo tuseme naye mwenyewe.

Mama Jovi. Tumekukalisha mbele kwa heshima, lakini kutoka hapa tunaona kilemba tu, na kumsemesha mtu kisogo ni kazi.

Hatutasema tulikuwa tunatania. Ulikuwepo, ulisikia. Tunataka ujue mambo yaliyotokea nyuma yako. Ijumaa ya kwanza bila wewe, Odeta alileta chai, akaimimina kidogo, akaonja mbele yetu sote kabla ya kugawa. Aoko naye zamu yake akaonja. Hata Mzee Ngosha, ambaye zamu yake huleta soda, sasa anaifungua anaionja kwanza, ingawa akishaionja hakuna anayeitaka. Hakuna aliyepanga. Kila mmoja alipofika kwenye zamu aliona hawezi kuinua chupa bila kufanya hivyo.

Muleba kuna ndugu zako, kuna migomba na hewa nzuri. Hatuwezi kushindana na migomba. Sisi tuna mkeka, na Ijumaa ijayo Masalu anaanza kesi mpya. Safari hii hatumjui muuaji, na Mzee Ngosha ameapa kunyamaza. Ukija, hatukuambii uje ukiwa umetusamehe. Njoo na hasira yako, kaa nayo, tushuku sisi wote mpaka uchoke. Ukitaka kutununia, tununie ukiwa humu ndani.

Mungu akubariki, Jovitus, kazi yako isonge mbele na uendelee kutuogopesha. Mungu ambariki mama yako, awe anapanda basi au anabaki. Akipanda, tutambebea godoro mpaka stendi. Akibaki, tutalifungua kamba sisi wenyewe, leo leo, kabla wali haujapoa.

Ni sisi,
Watazamaji wa Sebuleni kwa Odeta, Pasiansi, Mwanza.